Programa ya Mama Stesheni

Kuna watu ambao ukiwaletea kitu kibovu uso unawachangamka kama wameletewa mgeni waliyemkosa siku nyingi. Mama Stesheni alikuwa mmoja wao. Redio nzima haikumsisimua hata kidogo. Redio iliyonyamaza ndiyo iliyomfanya avute stuli, avae miwani na kuiuliza, "Haya, tueleze, nani kakuudhi?"

Jina lake lilitokana na tabia yake moja. Alipomaliza kutengeneza redio hakumkabidhi mwenyewe mpaka aizungushe kutoka stesheni ya kwanza hadi ya mwisho, taratibu, akisimama kwa kila moja na kuitangazia hali yake: huyu yupo, huyu yupo, huyu leo ana mafua. Mteja hata awe na haraka ya namna gani, ilimbidi asikilize habari, mpira, na matangazo ya sabuni mpaka mwisho wa mstari. Watu walinung'unika, kisha wakazoea, kisha wakampa jina. Na ukishapewa jina na mtaa, ndugu yangu, umeshakubaliwa.

Meza yake ilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, mahali ambapo dari huanza juu na kuteremka mpaka ikafika usawa wa kifua. Mteja mrefu alilazimika kuinama ili azungumze naye. Mwenyewe alisema hakuna mwanamke mjini anayesalimiwa kwa adabu kama yeye. Ufundi hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwenye redio ambazo wenyewe walikata tamaa nazo, akizifungua na kuzifunga mpaka zikachoka kumficha siri.

Lakini siku hizi nani anabeba redio mkononi? Kila mtu ana simu. Meza ile ilikuwa ikiishi kwa redio za magari, na redio za magari zilitoka ng'ambo ya barabara, kwenye gereji ya shemeji yake. Huyu shemeji alikuwa mdogo wa mwisho wa mumewe, fundi umeme wa magari, na utani wao haukuwa na likizo. Yeye alidai kwamba Mama Stesheni alikosea, angemsubiri yeye badala ya kuolewa na kaka yake mpiga rangi. Mama Stesheni alimjibu kwamba siku ile anaolewa, yeye shemeji alikuwa bado anafungwa kamba za viatu, na hata leo zinalegea.

Sasa basi, mama mkwe wa Mama Stesheni, yaani mama yake shemeji. Huyu alikuwa mkunga mstaafu, na kila mtu nyumbani, wakubwa kwa watoto, alimwita Bibi. Alipostaafu alijinunulia kagari kadogo kalikokwishapita mikononi mwa watu wengi. Hakuwa msafiri. Kagari kalimpeleka sokoni na kumrudisha, basi. Muda mwingi kalikaa kando ya ukuta wa nyumba. Ila kila siku baada ya chakula cha mchana Bibi alichukua mto wake, akaingia, akafunga mlango, akashusha kioo kiasi cha kupitisha upepo, akawasha redio. Alikaa humo mpaka jua lilegee. Mtu akimwulizia, watoto walijibu kwamba Bibi yuko ofisini.

Siku moja asubuhi shemeji, kwa mapenzi ya mtoto kwa mama yake, aliamua kumbadilishia betri. Hakuombwa. Alitoa ya zamani, akaweka mpya, akafuta mikono, akamwita mama yake aje awashe. Gari liliunguruma kama la jana. Redio ndiyo iliyogoma. Ilionyesha vistari vinne kwenye kioo chake kidogo, ikisubiri kupewa namba.

Redio nyingi za magari zina wivu wa namna hiyo. Umeme ukikatika hudhani zimeibwa, na hazisemi tena mpaka zitajiwe namba ya siri. Namba ya ile ya Bibi alikuwa nayo mwenye gari wa kwanza kabisa, na huyo hakuna aliyemjua.

Hapo familia ikafanya kosa ambalo mimi naliona ni la mapenzi. Mume wa Mama Stesheni, mtoto wa kwanza, aliingia garini akabonyeza mwaka aliozaliwa yeye. Alikuwa na hakika. Redio ikakataa. Dada yake, yule wifi mshonaji, akamsogeza, akasema kwamba mama hawezi kumsahau binti yake wa pekee, akabonyeza wake. Redio ikakataa. Shemeji akacheka akasema wote wanajisumbua, kitinda mimba ndiye anayependwa, akabonyeza wa kwake. Wakarudi mwanzo, wakajaribu siku na mwezi, kila mmoja upya, wakigombana kwa viwiko kama watoto mlangoni pa choo. Bibi alikuwa amesimama pembeni na mto wake kwapani.

"Hili gari," akawaambia, "sikulizaa mimi."

Wakati huo redio ilishachoka nao. Ilizima vile vistari ikaandika neno moja la kuwataka wasubiri, na tangu hapo ikawa haipokei namba ya mtu yeyote, iwe ya kupendwa au ya kuchukiwa.

Bibi hakulalamika. Ingekuwa heri angelalamika. Alichukua mto wake akaingia sebuleni, na kwa kuwa hakuzoea kukaa bure, akaanza kusaidia. Alipanga makopo ya jikoni kwa ukubwa. Siku iliyofuata akayapanga kwa rangi. Alipika chai kabla mtu hajaisikia kiu. Watoto waliporudi kutoka shule walipunguza sauti ya katuni, yeye akawaambia waongeze, wao wakapunguza zaidi, na wote wakakaa wakitazama midomo ya wanyama isiyosikika. Mgeni akiingia, Bibi aliinuka haraka kumpisha, kana kwamba kiti alichokalia ni cha kuazima. Hakuna aliyemkera, naye hakumkera mtu, lakini nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole.

Mchana mmoja Mama Stesheni aliporudi nyumbani kuchukua miwani yake, alimkuta Bibi ndani ya gari, mbele ya redio iliyozimika, mikono mapajani. Bibi alipomwona akatoka upesi na kuanza kukung'uta mto, eti una vumbi.

"Mama, si ukae tu?"

"Nikae nasikiliza nini, mwanangu?" Akaendelea polepole, bila kinyongo. "Mimi nimepokea watu wakilia maisha yangu yote. Nawapenda, nanyi nawapenda. Ila nilikuwa na kelele yangu moja ninayoweza kuizima mwenyewe."

Mama Stesheni alirudi kazini bila miwani.

Shemeji alikuwa na jibu rahisi. Tuitupe hiyo, alisema, nimwekee mpya, ina kioo kikubwa na taa zinazochezacheza. Mama Stesheni akamwuliza kama amewahi kumtazama mama yake akiwasha ile ya zamani. Bibi haoni vizuri vitu vya karibu. Vile vitufe alivijua kwa vidole, kimoja kimoja, kama alivyojua zamani kichwa cha mtoto kilikokaa. Kioo kikubwa cha kupapasa kingemfanya mgeni ndani ya gari lake mwenyewe.

Ikabaki njia moja, kuifungua ile ile. Ndani ya redio ya namna hiyo mna chipu ya kumbukumbu, kidude cheusi chenye miguu minane, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Namba ya siri imelala humo. Ili kuisoma unahitaji kifaa ambacho mafundi hukiita programa: upande mmoja kinashika chipu, upande wa pili kinaunganishwa na kompyuta. Kinaweza kusoma kilichomo, na kinaweza pia kuandika. Na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu chipu ikiungua au ikiandikwa ovyo, redio husahau hata kwamba ni redio. Kwa miaka yote Mama Stesheni alizipeleka redio zilizofungwa kwa fundi mmoja wa upande wa pili wa mji, na huyo sasa alikuwa amehama, hajulikani aliko. Ilikuwa wazi kwamba meza ya chini ya ngazi ilihitaji programa yake yenyewe. Swali lilikuwa ipi.

Wakaenda, yeye na shemeji, kwenye duka la vifaa vya umeme la bwana mmoja aliyeitwa Garantii. Aliitwa hivyo kwa sababu kila alichouza alikiwekea garantii, na garantii hiyo ilikuwa inaishia mlangoni. Garantii aliweka programa mbili juu ya kaunta.

Ya kwanza ilikuwa nzito, nyeusi, ndani ya sanduku lenye vyumba vyumba vya soketi na klipu za kila aina. Programu yake ya kompyuta ilikuwa na picha za redio za rangi, unachagua inayofanana na yako, unabonyeza, inakutajia namba. Ya pili ilikuwa kijibodi cha kijani kisicho na hata kasha, nyaya nje, kama mtu aliyetoka bafuni kufungua mlango. Programu yake haikuwa na picha. Ilikuwa na maandishi na safu za tarakimu, utafute mwenyewe.

Shemeji hakuona cha kujadili. "Chukua kubwa, shemeji. Hii nyingine hata nguo haina."

Mama Stesheni alikuwa amejiandaa. Alikuja na redio ya gari la shemeji mwenyewe, ambayo namba yake shemeji aliijua kwa kichwa, na chipu yake alishaitoa kwa uangalifu. Akataka kila programa ijibu swali ambalo jibu lake analo tayari. Garantii akakubali, maana dukani hapakuwa na mteja mwingine. Ile nyeusi ikasoma mara moja ikataja namba, ikawa sawasawa. Ile ya kijani ikachukua muda wake, ikamwaga tarakimu zake, Mama Stesheni akazifuata kwa kidole mpaka akaiona namba ile ile. Sare. Shemeji akaanza kulifunga sanduku jeusi, na ukweli ni kwamba Mama Stesheni naye alishaanza kufungua mkoba.

Kisha akamkumbuka shangazi yake. Yule shangazi alikuwa akinunua maharage ya kuuza, na hakuwa akiitazama mizani ikiwa imebeba mzigo. Alimwambia mwenye duka atoe kila kitu kwenye sahani, kisha akainama kutazama mshale. Mizani mbaya, alisema, hujifichua ikiwa tupu, maana haitegemei kuulizwa.

"Toa chipu," Mama Stesheni akamwambia Garantii. "Zote zisome hivyo hivyo, bila kitu."

Garantii akacheka kwamba hilo si jaribio, ni uchawi. Lakini akatoa. Akabonyeza kwenye ile ya kijani, ikafikiri kidogo, ikaandika kwamba haioni chipu yoyote. Akabonyeza kwenye ile nyeusi. Kioo cha kompyuta kikachezacheza kwa madoido, picha ya redio ikawaka, na namba ikatokea, tarakimu nne safi kabisa, na chini yake maneno ya pongezi.

Shemeji akaitazama soketi tupu, akaitazama ile namba, akauliza hiyo ni redio ya nani. Garantii akajikuna shingo. Akaeleza kwamba mashine ile ina akili nyingi, ikikosa inajua kukisia.

"Kaka yangu," Mama Stesheni akasema, "wabahatishaji ninao nyumbani watatu. Nimekuja kutafuta mtu anayeweza kusema sijui."

Akachukua ile ya kijani. Garantii akaifunga kwenye gazeti, akasema kwa sauti ndogo kwamba hiyo hakuiwekea garantii kwa sababu hakuna aliyewahi kuiulizia.

Siku hiyo hiyo redio ya Bibi ilikuwa mezani, imefunuliwa, kando yake programa na kompyuta, na Bibi mwenyewe alikuwa amekuja. Alisema alikuwa anapita tu. Chini ya ngazi hakuna anayepita tu, lakini Mama Stesheni alimpa stuli, na shemeji akavuka barabara kuja kushuhudia.

Mama Stesheni alianza kwa klipu, ile ya kubana chipu ikiwa bado kwenye bodi yake, kibao cha ndani ya redio, kwa kuwa hakutaka kuichoma bila sababu. Programa ikasema haioni chipu. Akasafisha miguu kwa mswaki na spiriti, akabana tena. Haioni chipu. Akageuza, akasogeza, akapuliza. Haioni.

Shemeji hakuweza kuvumilia. "Ile nyeusi saa hizi ingekuwa imeshatutajia."

"Ingetutajia, ndiyo. Nawe ungeshaenda kubonyeza."

Lakini ndani yake aliyumba. Ningekudanganya nikisema hakuyumba. Alikaa akiitazama ile sentensi kwenye kioo, akawaza labda kifaa ni kibovu, labda shemeji alikuwa sahihi, labda hekima ya maharage haifai kwenye chipu. Kisha akarudi kwenye alichokijua. Dukani kile kijibodi kilisema hakioni, na kweli hapakuwa na kitu. Kama hapa kinasema hakioni, basi nacho hakisemi uongo: kuna jambo linakizuia kuona. Na jambo hilo ni redio yenyewe. Chipu ikiwa bado imefungamana na wenzake kwenye bodi, kila mmoja anavuta umeme kwake, sauti ya chipu inapotea kama ya mtu mpole kwenye kikao cha ukoo. Ilibidi atolewe, aulizwe peke yake.

Akawasha pasi ya kuchomelea. Hili ndilo alilokuwa akiliogopa. Bodi ilikuwa ya zamani, na njia za shaba za bodi ya zamani hubanduka kama ngozi ya kitunguu. Ukivuta kabla risasi iliyogandisha miguu haijayeyuka vizuri, njia inakuja na mguu, na hapo redio ndiyo imekwisha. Akayeyusha upande mmoja, akahamia wa pili, akarudi wa kwanza. Mkono wa kushoto ulishika kibano, na kibano kilitaka kuvuta.

"Usimvute," Bibi akasema. Alikuwa ameinamisha kichwa kandokando, haioni chipu wala nini, anaangalia mkono tu. "Uache moto ufanye kazi yake. Atalegea mwenyewe."

Mama Stesheni akashusha pumzi, akalegeza kibano, akaendelea kupasha huku na huku. Muda kidogo ukapita hakuna kilichotokea. Kisha chipu ikateleza yenyewe, kidogo tu, kama mtu anayejigeuza usingizini, naye akainyanyua. Chini yake njia zote zilikuwa salama, zinang'aa.

"Ametoka," Bibi akasema, kwa sauti ambayo bila shaka aliitumia kazini.

Ile ya kijani iliposhika chipu peke yake haikusema haioni. Ilimwaga safu za tarakimu. Mama Stesheni hakushangilia. Akaitoa, akairudisha, akasoma tena, na tena, mpaka akaridhika kwamba jibu halibadiliki, ndipo akaanza kuitafuta namba kwa kidole. Alipoiona akaisoma kwa sauti. Shemeji papo hapo akampigia simu kaka yake, kaka akamwita dada, na simu ikajaa mabishano kama namba ile haiwezi kuwa mwaka wa mtu ikisomwa kinyumenyume. Haikuwa mwaka wa mtu. Haikuwa chochote, ila namba waliyoipa redio kiwandani.

Chipu ikarudi mahali pake, redio ikarudi garini. Bado ilikuwa imenuna ikiwataka wasubiri, na subira hiyo huihesabu ikiwa imewashwa tu, kwa hiyo wakaiacha na umeme wake, wakasimama uani kuizunguka, mpaka vistari vinne vikarudi. Mumewe alinyoosha mkono, Mama Stesheni akampiga kikofi. Akamtajia Bibi tarakimu moja moja sikioni, na Bibi akazibonyeza kwa kidole chake mwenyewe, bila kutazama.

Kwanza ulikuja mvumo. Kisha sauti ya mwanamume aliyekuwa katikati ya maelezo ya namna ya kutunza miche ya nyanya, na alikuwa akiisema habari hiyo kwa uzito kama anatangaza vita. Bibi alisikiliza. Uso wake haukufanya chochote kikubwa. Mabega tu ndiyo yaliyoshuka. Mama Stesheni, kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi, hakumkagulia mteja stesheni zake.

Wote wakaanza kusema kwa pamoja, nani alishauri nini, nani alijua tangu mwanzo. Shemeji alikuwa tayari anasimulia jinsi yeye na shemeji yake walivyoikataa ile programa nyeusi. Bibi akawaacha kidogo, kwa heshima, kisha akainua kidole.

"Ahsanteni, wanangu. Wewe hasa," akamwambia Mama Stesheni, akamshika mkono na kuubana. "Haya. Sasa nipisheni."

Akavuta mlango, ukafunga. Wakabaki wamesimama uani wakimtazama kupitia kioo kama watu waliomsindikiza msafiri ambaye gari lake haliondoki. Mama Stesheni akawasukuma ndani, mmoja mmoja.

Sebule ilikuwa tupu. Mama Stesheni akajitupa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akavua viatu, akanyoosha miguu. Watoto wakaongeza sauti ya katuni bila kuomba ruhusa. Mumewe na wifi wakakaa, shemeji akakaa, wote wakisubiri kwa raha. Baada ya muda mumewe akauliza chai imefikia wapi. Wakatazamana, kisha wakautazama mlango wa jikoni, kama wageni waliofika nyumba isiyo na mwenyeji.